Plastiki na Raba za Nje ya Gari Kuukuu: Kusoma Dalili Kabla ya Kushika Gundi

Bampa lililopauka, taa zilizoingia ukungu wa manjano, raba ya mlango iliyokauka na mkanda wa ubavuni uliobanduka upande mmoja ni mambo ambayo mwenye gari kuukuu huyaona kila asubuhi na kuyaahirisha kila jioni, kwa sababu gari linawaka, linatembea, na fedha iliyopo ina kazi nyingine. Nami niliyaahirisha kwa miaka. Nilichojifunza kwenye Toyota Corolla ya mwaka 1998 ninayoitunza hapa Tanga ni kwamba vitu hivi havikuwekwa kwa ajili ya urembo peke yake. Vingi viliwekwa ili maji, mchanga na chumvi ya bahari visifike penye bati, na kimoja kinapolegea, kutu huanza mahali usipopaona.

Habari njema ni kwamba sehemu kubwa ya matengenezo haya hufanyika nyumbani, kivulini, kwa vifaa vinavyopatikana duka la vifaa vya ujenzi na jikoni. Habari isiyopendeza ni kwamba dawa nyingi za mtaani huharibu zaidi, kwa kuwa hupakwa bila mtu kuuliza kitu kinachopakwa ni kitu gani na kimeharibiwa na nini. Dalili moja huweza kuwa na sababu mbili au tatu, na dawa ya sababu moja huizidisha nyingine.

Kitambue kwanza kitu chenyewe

Chungulia upande wa ndani wa kipande unachotaka kukitengeneza. Mara nyingi utakuta herufi zilizochapwa katikati ya alama mbili za mshale, kama vile >PP<, >PP+EPDM-T10<, >ABS< au >PC<. Herufi hizo ndizo zitakazokuambia gundi gani itashika na ipi itabanduka. PP ni polipropilini, plastiki yenye utelezi kidogo kama wa nta, na ndiyo iliyotengenezea mabampa mengi ya magari ya Kijapani yanayotembea katika barabara zetu. EPDM ni raba iliyochanganywa humo ili bampa lipinde bila kuvunjika, na T10 maana yake ni kwamba unga wa talki umetiwa kwa asilimia 10. ABS ni ngumu na kavu zaidi, nayo hukutwa kwenye grili, nembo na maganda ya vioo vya pembeni. PC, yaani polikaboneti, ndiyo kioo cha taa za mbele.

Kama herufi zimefutika, chonga kwa wembe chembe ndogo kutoka upande usioonekana na uitie katika glasi ya maji yenye tone la sabuni ya vyombo. Sabuni inahitajika ili chembe isishikiliwe na uso wa maji ikakudanganya. PP ni nyepesi kuliko maji, hivyo huelea, isipokuwa ile iliyotiwa talki nyingi. ABS na PC huzama. Jaribio hili huchukua dakika moja, na limeniokoa mara kadhaa nisinunue gundi isiyofaa.

Dalili: plastiki nyeusi imegeuka ya kijivu

Hii ndiyo dalili inayoonekana zaidi kwenye magari yenye plastiki nyingi isiyopakwa rangi, kama RAV4 za kwanza zilizotoka mwaka 1994, au Probox zenye mabampa meusi. Usianze kwa kupaka chochote. Lowesha plastiki kwa maji safi na uitazame ikiwa bado imelowa.

Ikirudi kuwa nyeusi kama mpya, kisha ikapauka tena inapokauka, basi ngozi yake ya juu imechomwa na jua. Miale ya urujuanimno hukatakata minyororo ya polipropilini, tabaka la juu hubaki kama unga wenye vipenyo vidogo visivyoonekana, na mwanga unapotawanyika humo jicho huona kijivu. Maji huviziba vipenyo hivyo kwa muda, ndiyo maana weusi unarudi. Lakini kama weupe unabaki kwenye vishimo vya nakshi hata plastiki ikiwa imelowa, hapo jua halikuhusika. Huo ni mabaki ya nta au kompaundi iliyosugulia rangi ya bodi ikavuka mpaka na kukaukia kwenye plastiki. Dawa yake ni ufutio mweupe wa shule, ukifuatiwa na mswaki mgumu, maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo. Mtu anayepaka mafuta juu ya mabaki hayo huyafungia ndani, na baada ya wiki mbili huyaona tena.

Kwa plastiki iliyochomwa na jua, osha kwanza kwa brashi mpaka povu liache kutoka na rangi ya kijivu, suuza, acha ikauke kabisa, kisha futa kwa spiriti. Nusu ya matokeo hutokana na usafi huu. Baada ya hapo una njia kadhaa, na haziko sawa. Mafuta ya silikoni ya kung'arishia dashibodi hurudisha weusi kwa wiki chache, nayo hayadhuru plastiki wala raba. Mafuta ya kitani yaliyochemshwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya kupaka mbao, hudumu zaidi kwa sababu hukauka na kuwa utando, mradi uyapake membamba sana na kufuta ziada yote baada ya robo saa. Ziada ikiachwa hunata na kukusanya vumbi. Zingatia jambo moja kwa makini: vitambaa vilivyotumika kupakia mafuta hayo hujipasha joto vinapokauka na huweza kushika moto vyenyewe. Vitandaze nje kimoja kimoja au vitumbukize ndani ya ndoo ya maji, wala usivikunje na kuvirundika stoo.

Njia ya joto, ambayo hutumia mashine ya kupuliza hewa ya moto, huirudisha ngozi ya plastiki kwa kuiyeyusha kidogo sana. Matokeo ya mara ya kwanza hushangaza. Hata hivyo polipropilini huyeyuka karibu na nyuzi 160 za Selsiasi, na mkono ukisimama mahali pamoja kwa sekunde chache tu, nakshi hutoweka na kubaki doa linalong'aa ambalo haliondoki tena. Pitisha hewa bila kusimama, funika rangi ya jirani kwa kitambaa kilicholowa, na usitegemee kurudia kila mwaka, kwani kila mara matokeo huwa hafifu kuliko ya awali. Anayetaka suluhisho la miaka hana budi kupaka rangi, na rangi haishiki PP bila praima maalumu ya plastiki chini yake.

Kuhusu oili chafu ya injini, ambayo bado hupakwa kwenye mabampa na matairi katika vituo vingi vya kuoshea magari, msimamo wangu ni kwamba isitumike kabisa. Hunasa vumbi, huvuja mpaka kwenye raba za milango, ambazo nazo ni EPDM, na kuzifanya zivimbe na kulegea, na huidhuru ngozi ya kijana anayeipaka kwa mikono mitupu siku nzima. Rangi ya viatu haina madhara kama hayo, ila mvua ya kwanza huishusha yote ubavuni mwa gari.

Dalili: taa za mbele zimeingia ukungu au manjano

Gonga kioo cha taa kwa ukucha. Kikilia kama glasi, ni glasi kweli, kama zile taa za mviringo za magari ya zamani ya kazi, na glasi haigeuki manjano. Tatizo lako liko kwenye kioo cha ndani kinachorudisha mwanga, au kwenye balbu. Kikilia kizito, ni polikaboneti, na hapo rudia jaribio la maji. Ukungu ukitoweka taa inapolowa, uharibifu uko nje na unatengenezeka. Usipobadilika, uharibifu uko ndani, na kusugua nje ni kupoteza msasa.

Taa zikitoka kiwandani huwa na tabaka gumu linaloilinda polikaboneti dhidi ya urujuanimno. Kwetu karibu na ikweta jua hupiga wima, na miji ya juu kama Nairobi, iliyo zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, hupata miale mikali zaidi ingawa hewa ni baridi. Tabaka hilo huchoka kwanza sehemu ya juu ya taa, ndipo manjano huanzia huko.

Kazi yenyewe ni ya subira. Zungushia taa tepu ya karatasi, mikanda miwili au mitatu, ili usiikwaruze rangi. Anza na msasa wa maji namba 800 ikiwa tabaka la zamani linabanduka vipande vipande. Kama ni ukungu tu, anza na 1000. Sugua kwa maji yenye sabuni kidogo, kwa mstari mmoja wa kulala. Maji yatakayotoka mwanzoni yatakuwa ya manjano, mazito kama uji mwembamba, na hilo ndilo tabaka la zamani linaloondoka. Endelea mpaka yatoke meupe. Kisha nenda namba 1500 ukisugua kwa mstari wa kusimama, ili uone kama mikwaruzo ya kulala imekwisha yote, halafu namba 2000 kwa kulala tena. Mafundi seremala wa zamani walisugulia mbao majani makavu ya mti wa msasa, ambao ndio uliotupa jina hili, na kanuni yao ilikuwa hii hii: usiende kwenye laini kabla kikali hakijamaliza kazi yake. Taa itakapokuwa na weupe sawasawa kama dirisha la bafu, bila mstari wala doa, malizia kwa kompaundi na kitambaa laini mpaka ing'ae.

Wengi huishia hapo, na baada ya miezi michache hulalamika kwamba manjano yamerudi. Yamerudi kwa sababu tabaka la kinga limeondolewa na hakuna kilichowekwa badala yake. Klia, yaani rangi angavu ya kufunikia, yenye kinga ya urujuanimno ndiyo dawa ya kweli. Ile ya kuchanganya na hadina, yaani dawa ya kuigandisha, ni imara zaidi, ila hadina hiyo ina isosianeti, ambazo hushambulia mapafu, na barakoa ya kitambaa haizuii kitu. Mpe kazi hiyo fundi rangi mwenye kifaa kamili cha kupumulia. Usipoweza kugharimia klia, paka nta ya gari kila baada ya wiki mbili tatu na uegeshe gari huku taa zikitazama ukuta au kivuli.

Dawa ya meno husaidia ukungu mwepesi kwa kuwa ina chembe laini za kusugulia, wala haina muujiza zaidi ya huo. Dawa ya kufukuza mbu yenye DEET huing'arisha taa kwa dakika chache kwa kuwa inauyeyusha uso wa polikaboneti, nao huishia kunata na kupata nyufa nyembamba kama utando wa buibui. Petroli na tina hufanya madhara hayo hayo.

Kama unyevu uko ndani ya taa, tafuta kifuniko cha raba cha nyuma kilichopasuka, au mrija mdogo wa kupumulia ulioziba kwa vumbi na mayai ya wadudu. Zibua, kausha kwa kuacha taa wazi juani, funga upya. Usiingize kitambaa kufuta kioo kinachorudisha mwanga, kwa sababu ule utando wa alumini hutoka hata kwa kuguswa kwa kidole.

Dalili: bampa limepasuka, au sikio la kulifungia limekatika

Miaka michache iliyopita nilipeleka bampa la mbele lenye ufa wa shubiri moja kwa fundi mmoja wa bodi. Aliujaza ufa kwa filla ya bati, akapiga msasa, akapaka rangi, na kwa macho kazi ilipendeza. Wiki ya tatu, katika barabara ya vumbi, filla yote ilidondoka kipande kizima. Nilikiokota na kukigeuza: upande uliokuwa umeegemea plastiki ulikuwa laini na safi, hauna hata unyuzi mmoja wa bampa. Haikuwa imeshika hata siku moja. Ilikuwa imekaa tu. Filla ile imetengenezwa kwa ajili ya bati, haipindi, na polipropilini haishiki karibu gundi yoyote ya kawaida, iwe ya haraka, iwe ya kuchanganya mirija miwili.

PP huungwa kwa joto. Utahitaji chuma cha kulehemea risasi kama cha mafundi redio, cha wati 40 hivi, wavu mwembamba wa chuma kisichoshika kutu, na vipande vya plastiki ya aina ile ile. Wavu mimi huupata kwenye chujio kuukuu la chai. Plastiki ya kuongezea huipata kwenye bampa lililotupwa, au kwenye kiti cha plastiki kilichovunjika mguu, kwa sababu viti vile kwa kawaida ni polipropilini. Tafuta namba 5 ndani ya pembetatu chini ya kiti. Usitumie dumu la maji lenye namba 2, kwani hiyo ni polithini na haiungani na PP hata zikiyeyushwa pamoja. Kabla ya kuamini kipande chochote, kiyeyushie kidogo upande wa ndani wa bampa, kiache kipoe kabisa, kisha kivute kwa koleo. Kikibanduka kikiwa safi, tafuta kingine.

Anza kwa kutoboa tundu la milimita 3 mwishoni kabisa mwa ufa, hata kwa msumari uliopashwa moto, ili ufa usiendelee kusafiri. Kaza ufa kwa tepu upande wa nje. Upande wa ndani, chora mfereji wenye umbo la V kwa ncha ya chuma, laza wavu juu yake, uzamishe taratibu mpaka plastiki ipenye kwenye matundu, kisha ongezea plastiki ya kiti juu yake. Moshi ukianza kutoka, joto limezidi na plastiki inaungua badala ya kuyeyuka. Ondoa chuma kipoe kidogo. Fanya kazi hii nje, penye upepo. Ukishaungwa upande wa ndani, ufa wa nje unaweza kujazwa kwa plastiki kidogo tu na kusawazishwa kwa msasa.

Kushona kwa waya au tai za plastiki za kufungia nyaya, jambo linaloonekana sana kwenye daladala na matatu, siwezi kulibeza. Bampa lililoshonwa vizuri hukaa miaka. Kosa la kawaida ni kutoboa matundu karibu mno na ufa, na plastiki ikachanika. Acha sentimita moja kila upande, na utumie tai nyeusi badala ya nyeupe, maana masizi yaliyomo kwenye plastiki nyeusi huzuia jua na nyeupe hukatika mapema.

Sikio la kufungia likikatika, kata kipande cha bati la alumini au cha ukuta wa dumu, ukifunge kwa skrubu mbili zenye washa pana pande zote. Hapa polithini ya dumu inafaa, kwa kuwa inashikwa na skrubu, si kwa kuyeyushwa. Haya yote yanahusu ganda la bampa tu. Ukichungulia nyuma yake ukakuta chuma chenyewe cha kupokea mgongano kimepinda au kimeoza, hapo pana usalama wa watu waliomo ndani, na ubunifu wa nyumbani unakoma.

Dalili: mkanda wa ubavuni au nembo imebanduka

Mkanda ukibanduka ncha moja, mkono hukimbilia gundi ya haraka. Gundi hiyo hukauka ikawa ngumu kama kioo, ilhali mkanda unarefuka kwa jua la mchana na kufupika usiku, kwa hiyo huachia baada ya siku chache, safari hii ikiwa imeondoka na rangi. Mkanda ulishikiliwa na tepu ya povu yenye gundi pande mbili, na kazi ya povu hilo ni kuuachia mkanda ucheze bila kubanduka.

Utoe mkanda wote. Ulowanishe kwa taulo la maji ya moto, kisha pitisha mshipi wa kuvulia samaki nyuma yake na uuvute huku na huku kama msumeno. Mshipi hukata povu bila kuigusa rangi. Kabla ya hapo weka tepu ya karatasi kando yake ili ukumbuke mstari wake. Mabaki ya gundi yafute kwa mafuta ya taa kidogo, osha kwa sabuni, malizia kwa spiriti. Nunua tepu ya povu ya magari, ambayo mara nyingi ni ya kijivu au nyeusi; ile nyeupe ya kubandikia vitu ukutani hunyonya maji. Kandamiza kwa nguvu kila sehemu, na usioshe gari kwa siku tatu, kwani gundi hizo hufikia nguvu yake kamili baada ya saa 72 hivi.

Baadhi hutumia silikoni. Inusie kabla hujainunua. Inayonuka siki hutoa asidi inapokauka, na ikigusa bati lililochubuka rangi huanzisha kutu chini ya mkanda, mahali ambapo hutapatazama kwa miaka mitano. Gundi ya kioo cha mbele, ile nyeusi ya poliurethani, ni bora zaidi, ingawa kuitoa siku za usoni ni kazi.

Dalili: plastiki ya ndani ya madigadi inaning'inia, au kromu imechubuka

Klipu zimevunjika. Usipige skrubu ya kuchimba kwenye bati, maana kila tundu jipya ni mlango wa kutu. Tumia matundu yaliyopo, kwa tai ya plastiki au klipu ya gari jingine, na pale tundu la plastiki lilipopanuka weka washa iliyokatwa kwenye kifuniko cha dumu. Hakikisha hakuna kinachoweza kugusa tairi usukani ukikatwa hadi mwisho.

Kromu ijaribu kwa sumaku. Ikishika ni chuma, na vidoa vya kutu huondoka kwa kusugua na karatasi ya alumini iliyokunjwa na kuloweshwa maji, kwa kuwa alumini ni laini kuliko kromu na haiikwaruzi. Isiposhika, huenda ni plastiki ya ABS iliyovikwa utando, na utando ukianza kumenyuka hakuna dawa ya nyumbani ya kuurudisha. Usiumenye kwa vidole, kwani hukata kama wembe. Piga msasa kingo zilizonyanyuka na upake rangi nyeusi.

Dalili: maji ndani ya gari, au mluzi wa upepo mlangoni

Hapa ndipo ningependa msomaji atumie muda wake mwingi, ingawa hakuna atakayemsifu kwa kazi hii, kwa sababu haionekani.

Fungia mlango juu ya noti au kipande cha karatasi, kisha kivute. Penye raba nzima kitakataa. Penye raba iliyolala kitateleza. Zunguka mlango mzima hivyo, shubiri kwa shubiri, ukitia alama ya chaki. Kama raba imelala lakini haijachanika, ndani yake ni tupu kama utumbo, na inaweza kunyanyuliwa kwa kupenyeza mrija laini wa plastiki, wa aina ile ambayo waashi hutumia kupimia usawa kwa maji, ila mwembamba kuliko uwazi wa raba. Pakaza sabuni ya maji ili upite. Mlango usipofunga kwa urahisi baada ya hapo, mrija ni mnene mno. Raba iliyokauka tu, isiyolala, hulainika kwa glisirini au mafuta ya silikoni yakipakwa mara moja kwa mwezi. Usipake grisi wala mafuta ya mgando, kwa kuwa EPDM haivumilii mafuta yanayotokana na petroli.

Ukisikia maji yakicheza ndani ya mlango unapofunga breki, raba inayofuta kioo kwa nje imekauka na inapitisha mvua, jambo ambalo kwa kiasi fulani ni la kawaida. Lisilo la kawaida ni maji kutotoka. Chini ya mlango kuna matundu ya kutolea maji. Yazibue kwa kijiti cha meno au unyasi mgumu, na uyaone maji yakitiririka. Kwangu yalitoka meusi, yenye mchanga wa kutosha kujaza kijiko. Raba yenyewe, kama haipatikani, inaweza kusaidiwa kwa ukanda uliokatwa kwenye tyubu ya tairi na kubandikwa kwa gundi ya mafundi viatu, lakini hilo ni la msimu mmoja wa mvua.

Zulia likilowa upande wa abiria ilhali milango imeziba vizuri, fungua plastiki iliyo chini ya kioo cha mbele. Anayeegesha chini ya mkungu au mwarobaini atakuta humo majani yaliyooza na kuziba njia za maji, na maji yakikosa njia huingia kwenye tundu la hewa ya feni.

Mwisho, nyanyua mikanda miembamba inayopita juu ya paa kutoka mbele hadi nyuma. Kwenye gari langu mkanda wa kulia ulikuwa umenyanyuka kiasi cha unene wa ukucha, na sikuujali. Nilipoutoa, chini yake palikuwa na mstari wa kutu wenye urefu wa kiganja, na upande mmoja bisibisi ilizama kidogo nilipoibonyeza. Kutu ya namna hiyo ipigwe msasa mpaka bati liwe jeupe, ipakwe praima ya kuzuia kutu mara mbili, kisha rangi, na mkanda urudishwe siku ya pili, bati likiwa limekauka kabisa, wakati wa mchana mkavu. Ukiurudisha jioni hapa pwani, unyevu wa usiku utafungiwa humo pamoja na kazi yako.